Mayai Yasiyo na Gamba na Posa ya Nour

Mchafukoge, Dar es Salaam
4 Agosti 2024

Dada yangu Badriya,

Shikamoo. Natumai hii inakukuta mzima na goti limepoa. Sisi huku Bongo hatujambo. Duka la vifungo na zipu bado lipo pale pale Kariakoo, sukari yangu inapanda na kushuka inavyotaka yenyewe, na mwanao Nour anakusalimia sana. Alinishauri nikutumie ujumbe kwenye simu. Nikamwambia shangazi yako tangu masikio yagome, simu yake anaitumia kumulikia njia ya chooni tu. Akacheka, akanitafutia kalamu. Barua nitaipeleka mwenyewe kwenye basi la Tanga.

Sasa nikupe habari yenyewe. Unawajua wale matetea sita tunaowafuga juu ya paa la ghorofa, aliowaanzisha Nour baada ya mama yake kufariki. Ijumaa tarehe 19 Julai nimepanda asubuhi kuokota mayai, nikapeleka mkono kwenye majani, nikashika kitu kinatepeta. Yai, Dada, lakini halina gamba! Ngozi tupu, na kiini unakiona kinatembea ndani. Nilipiga ukelele mpaka jirani yetu Nasreen akatoka na mwiko mkononi akidhani mwizi. Alipoliona akasema hiyo ni husda, kuna mtu katutupia jicho. Nimefukiza ubani paa zima. Kuku wamepiga chafya siku mbili.

Jioni ya siku hiyo hiyo wakaja wazee watatu na barua imefungwa kwenye leso. Posa. Wanamtaka Nour. Nimewapa kahawa na halua, nikawaambia jibu watalipata.

Lakini hebu fikiria na wewe. Asubuhi yai bila gamba, jioni posa! Na tangu hapo hayajakoma. Limekuja moja lina mikunjo mwili mzima, likaja jingine dogo, halizidi gololi, nikalivunja, ndani hamna kiini, ute mtupu. Nimeona ni busara jibu la posa lingoje kwanza mpaka mayai yatulie. Wewe ndiye shangazi mtu, na wewe ndiye uliyefuga kuku miaka thelathini. Nipe rai yako.

Mdogo wako,
Taimur


Tanga
28 Agosti 2024

Mdogo wangu Taimur,

Marahaba. Mimi mzima, goti si zima, tunakwenda hivyo hivyo. Barua yako imelala ofisi ya mabasi wiki tatu kwa sababu hukuandika namba ya simu, na karani hakujua Bi Badriya yupi. Tupo wawili Tanga nzima, na yule mwingine ana miaka sita. Husna, mpangaji wangu, ndiye aliyeikuta akienda kuchukua mzigo wake wa vitenge.

Nimeisoma mara mbili. Mayai umeyaeleza vizuri mno, mpaka lile la mikunjo nimeliona. Posa umeipitia mbio. Hukusema muoaji ni nani, mtoto wa nani, anafanya kazi gani. Mtu anataka kumwoa mtoto wetu wa pekee, nami najua zaidi ukubwa wa yai.

Halafu nikuulize. Tangu lini wewe unaokota mayai? Nilipokuja mwaka jana hukujua hata mlango wa banda unafungukia upande gani. Nour ndiye aliyekuwa akipanda alfajiri kabla hajaenda kwenye kazi yake ya duka la dawa. Kuku akitaga yai lisilo na gamba, kwanza tazama anakula nini. Mara nyingi amekosa chokaa. Basi niambie, nani anawalisha sasa?

Mjibu huyo mwenye posa. Watu hawawekwi kiporo.

Dada yako,
Badriya


Mchafukoge
12 Septemba 2024

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Pole na goti. Nakutumia dawa ya kuchua, Nour kaichagua. Huku joto limeanza, umeme upo, na biashara ya zipu si mbaya, maana watu wananenepa na magauni yanapasuka.

Umeniuliza kuhusu muoaji. Anaitwa Adamu, mtoto wa Mzee Safari wa Buguruni. Ni fundi wa majokofu, ana karakana mtaa wa Gerezani, ukisimama juu ya paa letu unaiona. Kijana ana adabu, anaswali, havuti. Aliyemleta nyumbani ni mimi mwenyewe, usicheke. Friji lilikufa mwaka jana, nikaenda kumchukua, nikambebea na boksi la vifaa mpaka ghorofa ya tatu ili asichoke. Nikampa na juisi ya ukwaju. Friji halijawahi kupoza vizuri namna hii, na mimi nimepozwa nalo.

Lakini tazama mayai yanavyozidi. Juzi nimeokota yai kubwa la kutisha. Kulivunja, ndani nakuta kiini, ute, na yai jingine zima lenye gamba lake! Yai limemeza yai. Nikasema hili haliwezi kuwa la bure. Lile limeshavunjwa, basi kesho yake nikachukua moja laini lisilo na gamba, nikalitia mfuko wa kanzu, nikaenda kwa Maalim Abdulhamid, anitazamie.

Nilikuta barazani kwake kuna wazee wengine. Tukasalimiana, habari za siku nyingi, karibu karibu, nikakaribia, nikakaa. Nikalikalia, Dada. Lilishuka pajani, likapita gotini, likaingia kwenye kiatu. Wazee wote wakanyamaza kwa heshima, kila mtu akawaza lake kuhusu umri wangu. Ilibidi nitangaze mwenyewe kwa sauti kwamba ni yai. Sidhani kama waliniamini.

Maalim akanipa maji ninawe, akaniambia, "Taimur, mimi nafundisha Qurani. Mayai mpelekee bwana mifugo. Na posa ina majibu mawili tu, wewe unalo lipi?" Nikamwambia bado natafakari.

Basi natafakari. Haraka ya nini?

Mdogo wako,
Taimur


Tanga
25 Septemba 2024

Taimur,

Marahaba. Dawa imefika, Mungu akuzidishie. Hapa sote wazima.

Yai ndani ya yai si muujiza. Kuku akishtuka, yai lililokwisha kuvikwa gamba hurudi ndani, likakutana na linalofuata, yakatoka pamoja. Lile dogo lisilo na kiini huja kuku akisumbuka au akianza tu kutaga. La mikunjo ni mtetea amebanwa au kaugua kifua, na wewe umewafukizia ubani. Kuku wako hawana husda. Wana njaa na wana hofu.

Umenijibu kila kitu ila nilichokuuliza. Nani anawalisha? Na kwa nini si Nour?

La pili. Kijana umemsifu wewe mwenyewe, ana adabu, anaswali, ana kazi. Kama shida yako ni kwamba wao wa Buguruni na sisi Waarabu wa kujiita, nikukumbushe kwamba bibi yetu mzaa mama alikuwa Mzigua wa Pangani, na pua hiyo unayotembea nayo ni yake.

La tatu. Barua mbili zote hizi sijaona mahali ulipoandika Nour amesema nini. Umemuuliza?

Badriya


Mchafukoge
9 Oktoba 2024

Dada yangu,

Shikamoo. Ukali wako umefika kabla ya barua, bahasha nimeifungua kwa vidole viwili. Sisi wazima. Leo habari za familia nazikata fupi, maana familia ndiyo habari yenyewe.

Haya. Ninayelisha kuku ni mimi. Mwezi wa sita nilipanda juu kufuata upepo, nikamkuta Nour kasimama ukingoni, anapunga kanga. Kutazama chini, fundi Adamu yupo Gerezani na bisibisi yake, naye anapunga. Hawakusema neno, Dada, walikuwa wanapungiana tu. Mimi nikanunua kufuli kubwa, nikafunga mlango wa paa, ufunguo nikautia shingoni pamoja na ile hirizi ya bibi. Nikamwambia Nour kuku nitawaangalia mwenyewe. Hakubisha. Aliniambia tu, "Baba, wape na ile ya kwenye kopo." Nikasema mimi nimezaliwa kabla yako.

Kopo nimelifungua juzi, baada ya kusoma barua yako. Ni maganda ya chaza, ameyasaga mwenyewe, amechanganya na dagaa. Limejaa mpaka juu. Miezi mitatu na zaidi nimewalisha wali wa jana na maandazi ya duka la jirani. Niliona wanapenda. Kumbe kuku naye kama mimi, anapenda kinachomuua.

Na hofu wameipata kwangu pia. Mshenga wao, Mzee Mgeni, amekuja mara nne. Mara ya nne nilisikia bakora yake kwenye ngazi, nikapanda juu mbio. Nikaona atapanda na huku, nikaingia bandani. Miaka sitini na moja, mwenye duka Kariakoo, mjumbe wa kamati ya msikiti, nimechuchumaa kwenye banda la futi nne na matetea sita wanapiga kelele juu ya kichwa changu. Mzee Mgeni alikuja mpaka pale. Akasimama. Akasema, kama anaongea na kuku, "Basi mkimwona mwambieni tulikuja." Akateremka. Hajarudi tena, wiki ya pili sasa.

Umeuliza kama ni ukabila. Hapana, wallahi. Umeuliza kama nimemuuliza Nour. Sijamuuliza. Mtoto wa kike anaulizwaje jambo kama hilo? Baba yetu alituuliza lini? Na mwisho wa mwaka si mbali, tungoje mwaka mpya tuone. Maganda ya chaza nimeanza kuwapa.

Taimur


Tanga
23 Oktoba 2024

Mdogo wangu,

Marahaba. Mimi mzima. Nilicheka la bandani mpaka Husna akaja kuniangalia. Halafu nikafika pale uliposema "Baba yetu alituuliza lini," nikaacha kucheka. Nimekaa na karatasi hii siku tano.

Mwaka wa sabini na mbili ilikuja posa yangu. Huijui. Ulikuwa na miaka tisa, mama amefariki mwaka mmoja nyuma, na wewe ulikuwa hulali mpaka ushike pindo la kanga yangu. Alikuwa Nasor, mwalimu wa hesabu, mwenye baiskeli nyekundu. Baba aliipokea ile barua, akawapa kahawa, akawaambia watapata jibu. Kisha paa likawa linavuja, lingoje litengenezwe. Kisha Ramadhani ikakaribia. Kisha baba mkubwa hajarudi kutoka Unguja na bila yeye haliamuliwi jambo. Nasor alingoja miezi minane. Ulipoingia wa tisa tukasikia ameoa Pemba.

Barua yake niliikuta Baba alipokufa, chini ya sanduku, ndani ya leso yake. Baba hakuwa mtu mbaya. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwapikia nyie watano na yeye wa sita. Aliogopa nikitoka atakula na nani. Hakusema hapana hata siku moja. Angesema hapana ningelia nikamaliza.

Watu wamezoea kusema Badriya hakutaka kuolewa, Badriya mkali. Nimewaacha waseme. Hakuna aliyeniuliza, Taimur, basi nami sikumwambia mtu. Nilimtaka. Nimefika miaka sabini na tatu na ndiyo mara ya kwanza naiandika.

Usinijibu mimi. Kamuulize mtoto. Kisha uwajibu wale watu, iwe ndiyo au iwe hapana.

Dada yako


Mchafukoge
11 Novemba 2024

Dada yangu Badriya,

Shikamoo, na shikamoo tena. Umesema nisikujibu, na kwa wiki mbili sikukujibu, maana sikuwa na mdomo. Hatujambo. Kuku hawajambo, mayai yamerudi kuwa mayai, ukiligonga yai kwenye ukingo wa sufuria linalia.

Barua yako niliisoma dukani. Mteja alikuwa anataka vifungo dazeni mbili vyeupe, nikampa vyeusi, akanitazama usoni akaondoka bila kubisha. Nilifunga duka saa sita mchana, mimi ambaye sijawahi kufunga hata siku ya mafuriko. Nikamngoja Nour. Aliporudi kazini nikavua ufunguo shingoni, nikampa, nikamwambia twende juu. Alianza kuwashika kuku mmoja mmoja, anawapapasa kifua. Nikamuuliza. Niliuliza vibaya, Dada, nilianza na friji, nikapita kwa bwana mifugo, nikachelewa njiani. Mwishowe nikasema, "Nour, huyu Adamu unamtaka au humtaki?"

Akasema, "Namtaka, Baba." Hakuinua kichwa. Kisha akasema, "Lakini wewe utakula na nani?"

Nikakaa juu ya debe la maji, wazi halina kifuniko, nikalowa mpaka kiunoni. Hata siku ile Mungu hakuniacha nionekane mtu wa maana.

Jibu niliandika mara tano. Kisha nikaona sina wa kumtuma, maana Mzee Mgeni nimemkimbia na wazee wangu wa msikitini naona aibu kuwatazama tangu siku ile ya yai. Nikavaa kanzu ya Idi, nikafunga barua kwenye leso, nikaenda Buguruni mwenyewe. Unajua maana yake. Baba wa binti kwenda kubisha hodi kwa wakwe na jibu mkononi! Baba yetu angenikana. Nimepita sokoni, kila muuza nyanya ananiuliza, "Mzee, harusi wapi?"

Mzee Safari alinipokea vizuri, jambo lililonitesa zaidi. Tulikaa. Mkewe, Bi Zamda, alikuwa nyuma ya pazia, naziona ncha za vidole vyake. Nikatoa leso. Mzee Safari hakuipokea. Akaniuliza kwa upole, "Ndugu yangu, miezi minne ilikuwa na nini?"

Njiani nilikuwa nimejiandalia maneno ya mayai. Nilikuwa nimeyapanga, la kwanza, la pili, yai ndani ya yai. Yote yakanitoka. Nikasema, "Niliogopa kubaki peke yangu." Nimesema hivyo mbele ya mwanamume mwenzangu, Dada, na machozi yakanitoka nikayafuta kwa leso ya jibu.

Bi Zamda akatoka nyuma ya pazia. Akasema, "Tunajua, baba. Nour alikuja hapa mwezi wa nane. Alitwambia baba yangu si mtu mbaya, anaogopa, mngojeeni. Na kama mtachoka kungoja, akasema, njooni mniambie mimi, msimwambie yeye."

Mwezi wa nane, Dada. Mimi nafukiza ubani, nakimbia bandani, najiona nina siri. Mtoto alikuwa amekwisha kwenda kuniombea. Alijua anaweza kumkosa yule kijana kama ulivyomkosa wako, akaja nyumbani, akanipikia, hakunung'unika hata siku moja. Nilikuwa nimekaa naye meza moja.

Wameipokea leso, imelowa hivyo hivyo. Nikah ni Ijumaa tarehe 27 Desemba, Mungu akipenda. Nilirudi nyumbani jioni, Nour yuko jikoni anakaanga samaki. Nikamwambia jibu limefika. Akazima jiko, akakaa chini pale pale sakafuni, akalia kwa sauti, kilio cha muda mrefu. Sikumbembeleza, nilikaa chini karibu yake. Samaki tumekula mbichi nusu.

Sasa lako. Tangu nisome barua yako nimekuwa nikijaribu kukumbuka mwaka ule wa sabini na mbili. Nasor simkumbuki, wala baiskeli yake. Sikumbuki ukilia. Ninachokumbuka ni chakula. Wali wa nazi, mchicha, samaki wa kupaka, kila siku kwa wakati wake, na mkono wako unaniongezea kabla sijaomba. Nilikuwa mtoto mwenye raha kuliko wote mtaa mzima, na sikuwahi kujiuliza ilitoka wapi.

Nilikula vizuri sana, Dada. Nilishiba kila siku. Nisamehe ile shibe.

Mdogo wako,
Taimur